Chapati 22 kwa siku

Kama kuna biashara mtaani kwetu iliyonufaika na mikopo ya asilimia 10 za halmashauri bila kusubiri hata wiki, ni ya kwangu, na mimi sijawahi kuomba huo mkopo. Nina steshenari, fremu moja, hatua chache kutoka ofisi ya kata, hapa Dar es Salaam. Dirisha la mikopo likifunguliwa tu, mashine yangu ya kopi haipoi. Kikundi kinataka katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na saini zao, andiko la mradi, barua ya mtendaji wa mtaa, nakala za vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti. Kila kitu kopi tatu, na ya nne ibaki nyumbani, maana mojawapo lazima itapotea njiani kati ya meza na meza. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba misaada ya serikali kwa biashara ndogo imejaa makaratasi, mjue analalamika muuza karatasi.

Turudi nyuma kidogo kwa ambao hawajawahi kupanga foleni hiyo. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilikuwa zinatakiwa kutenga sehemu ya makusanyo yake kwa ajili ya wanawake na vijana, ila ilikuwa kama hisani: mkurugenzi akipenda anatenga, asipopenda anasema makusanyo hayakufika. Mwaka 2018 jambo hilo likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukishatoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, iende kwenye mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mtaani tunaita nne nne mbili, utadhani kocha anapanga timu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mkopo usio na riba, unaotoka kwenye ushuru wa soko lako mwenyewe na leseni za mtaani kwako, ni jambo zuri na halipatikani kila nchi. Tatizo langu ni dogo, lakini limekaa mlangoni kabisa: mkopo unataka kikundi. Mwanzoni kilitakiwa kiwe na watu 10, baadaye wakapunguzwa hadi 5, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kuomba peke yake. Sasa pita mtaa wowote wa uswahilini uhesabu biashara. Genge la mtu mmoja. Kinyozi mmoja na kijana wake. Wakala wa miamala na mwavuli wake. Fundi cherehani barazani. Hata mke na mume wenye maduka yanayotazamana hawachanganyi droo. Biashara ya mtaani ni ya mtu mmoja na jina lake, na ndiyo maana inaishi: akiamka inafunguliwa, akiumwa inafungwa, hakuna kikao.

Siku moja walikuja watano jioni, baada ya kufunga. Mama anayeuza chapati pale kijiwe cha bodaboda, mama wa genge, fundi cherehani, dada msusi, na mama lishe aliyekuwa anawapikia mafundi wa jengo la ghorofa. Wanajuana kwa kucheza mchezo wa kila wiki, pesa inazunguka, na hakuna aliyewahi kumdhulumu mwenzake. Hiyo ndiyo dhamana bora kuliko hati ya kiwanja, ila haina pa kuandikwa kwenye fomu.

"Kaka, tuandikie mradi," mama wa genge akaniambia.

"Mradi gani, mama?"

"Wowote unaopita."

Mtaani ilikuwa inaeleweka kwamba unaopita ni mradi mmoja wa pamoja, wenye harufu ya kiwanda: sabuni ya maji, batiki, kuku wa nyama, matofali. Mle ndani ya kompyuta yangu kuna andiko la sabuni ya maji lenye bei za salfoniki, ungaroli, soda, chumvi, rangi na manukato, pamoja na faida ya kila dumu la lita 20. Limeandikwa vizuri, nasema mwenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyewahi kukoroga sabuni. Msusi akauliza ungaroli ni nini, wenzake wakamwambia anyamaze, afisa maendeleo ya jamii ndiye atakayejibiwa na katibu.

Pesa ikatoka. Jioni ya siku iliyotoka ikagawanywa mafungu matano. Mama wa genge akaongeza meza na kuanza kuuza mkaa. Fundi akanunua mashine ya ovaloku, akaacha kupeleka nguo kwa mwenzake kumaliziwa pindo. Msusi akanunua drai. Mama lishe akanunua sufuria kubwa mbili na mabenchi. Mama wa chapati akachukua unga kwa mfuko badala ya kupimiwa kilo kilo, na bei ya jumla peke yake ikamwachia kitu kila siku. Ukiniuliza mimi, hayo ndiyo yalikuwa matumizi ya akili ya mkopo. Kila mtu aliweka pesa mahali anapopajua.

Kisha msusi akahamia mkoani kwa mumewe. Jengo likaisha, mafundi wakatawanyika, mama lishe akabaki na sufuria kubwa mbili na wateja wa kuhesabu. Marejesho yakaanza kuyumba, watatu waliobaki wakawa wanachangia ya watano, wakachoka. Siku afisa alipopita kukagua mradi walimwonyesha ndoo mbili za sabuni zilizonunuliwa asubuhi ileile mtaa wa pili. Kwenye daftari la halmashauri kikundi kile kimekufa. Mtaani, tatu kati ya biashara tano ziko hai na zimekua.

Nalisema hili kwa sababu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia kuonyesha mikopo isiyorejeshwa, vikundi vilivyosambaratika na vikundi hewa. Wizi ulikuwepo, hilo sina ubishi nalo. Kuna vikundi vilivyoundwa na watu wenye vitambi ambao hata mtaa husika hawaujui. Lakini humo ndani ya neno hewa wamechanganywa na watu wa kweli wenye biashara za kweli, waliolazimishwa kuandika biashara ya uongo ili wapate pesa ya kukuzia ile ya kweli. Mkaguzi anatafuta sabuni. Hakuagizwa kutafuta ovaloku.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalitangazia Bunge kwamba utoaji wa mikopo hiyo unasitishwa hadi utaratibu mpya upatikane. Ulifunguliwa tena 2024, safari hii na kamati za uhakiki, maombi ya mtandaoni, na halmashauri 10 zikatajwa za kujaribia kupitisha mikopo benki. Kwangu ilikuwa na maana kwamba pamoja na kopi sasa nauza pia huduma ya kujaza fomu kwenye kompyuta, kwa hiyo tena sina cha kulalamika. Zaidi ya mwaka mzima katikati hapo, watu walikwenda wapi?

Walikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu. Jina limejieleza. Unapewa pesa asubuhi, jioni ya kesho unaanza kurejesha, na ukikwama wanakuja kubeba runinga, friji, godoro. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na Novemba 2024 ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Hatua nzuri zote. Ila anayekausha damu mtaani kwetu hana leseni wala programu, ana pikipiki na kijitabu. Niliwahi kumuuliza mama wa genge kwa nini alirudi kwake wakati anajua kabisa anavyoumia. Akasema yule hamuulizi mwenyekiti wa kikundi ni nani. Anamuuliza unauza nini, anasimama dakika tano kuangalia wateja, anatoa pesa. Mtu mwenye roho mbaya kuliko wote kwenye habari hii ndiye pekee aliyekuja kuangalia biashara yenyewe.

Sasa nizungumzie kitu ambacho wasomi wengi walikicheka na mimi nilikipenda: kitambulisho cha mjasiriamali. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 25,000 kila mmoja, wakavigawe kwa wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. Ukiwa nacho, hulipi ushuru wa kila siku, na mgambo hana ruhusa ya kukugusa. Kile cha kwanza hakikuwa na picha wala jina la mwenyewe, ungeweza kumwazima shemeji yako. Watendaji walipewa malengo ya kuvimaliza, wakawa wanamuuzia yeyote aliyekaa chini ya mwembe. Kasoro zilikuwa nyingi na zote zilisemwa.

Ambacho hakikusemwa vya kutosha ni jinsi kilivyobadilisha asubuhi ya mtu. Kabla yake, mama wa chapati alikuwa anachagua pa kukaa kwa kuangalia pa kukimbilia. Jiko dogo, meza nyepesi, unga kidogo, kwa sababu mgambo akitokea lazima uweze kubeba vyote kwa mkupuo mmoja. Ukishajua hukimbii, unanunua jiko kubwa. Unaweka benchi. Mteja anakaa, akikaa anaagiza na chai. Hakuna mkopo uliotolewa hapo, hakuna semina ya ujasiriamali, na biashara ikapanuka. Baadaye, Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine, wengi waliokuwa na kadi hiyo mfukoni waliona kwamba ile amani ilikuwa ya muda wa mtu aliyeitoa. Siku hizi kuna kitambulisho cha kidijitali chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, chenye jina na picha, na kinafungua mlango wa mkopo wa riba nafuu benki. Naona ni hatua. Lakini thamani ya kadi haiko kwenye chip, iko kwenye jibu la swali moja: mgambo akija kesho ataiheshimu?

Kadi ile ilikuwa na sharti: mauzo yako yasizidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Ni mstari uleule wa sheria ya kodi ya mapato. Chini yake mfanyabiashara mdogo hadaiwi kodi ya makadirio. Ukisikia milioni nne unaona ni pesa. Hebu igawe kwa siku 365. Inakuja kama 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, bado hujatoa unga, mafuta na mkaa. Chapati moja ni shilingi 500. Chapati 22 umeshaufikia mstari. Tuseme anapumzika Jumapili, basi 26. Hizo ni kilo mbili za unga, na mama wetu anazimaliza kabla waendesha bodaboda hawajabadilishana zamu.

Kwa hiyo karibu kila aliyeshika kadi ile alikuwa ameshauvuka mstari, na kila aliyemuuzia alikuwa anajua. Bei ya ngano ikapanda, mafuta ya kula yakapanda, mkaa usiseme, chapati nayo ikafuata, na mstari wa milioni 4 ukakaa palepale. Bei ikipanda unavushwa mstari bila kuuza chapati hata moja ya ziada.

Juu ya mstari hapo kuna kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kichocheo kizuri kuliko vyote katika sheria zetu, na hakuna anayekitangaza. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiyetunza kumbukumbu anakadiriwa shilingi 100,000 kwa mwaka. Anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana daftari, analipa 30,000. Jirani yake aliyeuza vilevile na hana daftari, 100,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na daftari ni 250,000. Mwenye nalo ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, yaani aliyeuza milioni 9 analipa 150,000. Kwa mifano hiyo miwili, serikali inakulipa 70,000 au 100,000 kwa mwaka kwa kuandika mauzo yako jioni kabla hujalala. Kaunta buku nauza mimi, nusu ya wateja wanaponunua wanasema ni la mtoto wa sekondari.

Nimejaribu kuwaeleza wengi hilo jedwali juu ya kaunta yangu, kwa kalamu, nyuma ya karatasi iliyoharibika. Wanaitikia, wanashangaa, na hawarudi na daftari. Ukija kwenye kodi, jambo lenye faida likikufikia bila mtu wa kukushika mkono unaliona kama mtego.

Na mtego wenyewe upo, ila uko mbele zaidi. Ukivuka milioni 11, kwa viwango vya miaka ya karibuni, unaingia asilimia 3.5 ya mauzo yote, siyo ya ziada peke yake. Mwenye daftari aliyeuza milioni 11 kamili analipa 210,000. Akiuza milioni 11 na elfu kumi, zaidi ya 385,000. Juu yake inakuja mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kwa duka la sukari na unga, ambapo faida kwenye kilo ni shilingi mia mia, asilimia 3.5 ya mauzo inaweza kula sehemu kubwa ya kilichobaki. Ndiyo maana duka la mtaani likikua unaliona linazaa: la pili kwa jina la mke, la tatu kwa jina la mdogo wake. Watu wanasema Waswahili hatujui kukuza biashara. Tunajua sana, tunazikuzia pembeni.

Wenzetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Rais William Ruto alizindua Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022: unakopa mwenyewe, kwa simu, kuanzia shilingi 500 za Kenya hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na sehemu ya kila mkopo inakatwa kuwa akiba yako. Hakuna kikundi, hakuna muhtasari, hakuna steshenari. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema hawa wamepatia, kisha nikaona muda wa kurejesha: siku 14. Na wengi walianzia kwenye zile 500. Pesa ya siku 14 inafaa kununua nyanya kesho asubuhi. Ovaloku hainunuliwi kwa pesa hiyo. Kwa hiyo wao wana mkopo unaomfikia mtu mmoja lakini haukai, sisi tuna unaokaa lakini haumfikii mtu mmoja.

Julai 2025 hapa kwetu ikatoka pia amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, uwakala wa miamala ya simu, ufundi simu na saluni. Kariakoo ilipokelewa kwa shangwe. Mtaani kwetu hakuna saluni ya mgeni, kwa hiyo sina mengi.

Kilichokuza biashara za mtaani kwetu kuliko kadi na mikopo yote kwa pamoja kilikuwa barabara. Mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliingia kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam ukaweka lami, mitaro na taa. Hakuna aliyeuita msaada kwa wajasiriamali. Kabla ya lami, masika yakiingia tulikuwa tunafunga. Maji yanajaa, bodaboda hazipiti, mteja anabaki kwao. Wenye maduka tulikuwa tunapanga bidhaa juu ya matofali. Mtaro ulipojengwa, tukapata miezi ambayo zamani haikuwepo kwenye mwaka wa biashara.

Taa nazo. Zamani giza likiingia genge linafungwa, kwa sababu mteja hawezi kuchagua nyanya kwa tochi ya simu na mwenye genge hawezi kujua nani amesimama nyuma yake. Taa zilipowaka, muuza chipsi akahamishia jiko chini ya nguzo. Akaja wa mishikaki, akaja wa juisi ya miwa, akaja kijana wa kuuza kava za simu. Hadi saa tano usiku pale ni soko, na wanawake wanatembea peke yao kurudi nyumbani. Yaani saa nne nzima za biashara ziliongezwa kwa kila mtu, bila fomu, bila kamati ya kuamua nani anastahili.

Bili yake ilikuja baadaye. Wenye nyumba nao wana macho. Fremu zikapanda kodi, na kodi yenyewe unatakiwa uilipe ya miezi sita au mwaka kwa mpigo. Juu ya hapo kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa aikate kwenye pesa anayomlipa na kuipeleka mamlaka ya mapato, TRA. Jaribu kumwambia mwenye nyumba wako kwamba mwezi huu umemkata. Atakuambia fremu ina watu wanne wanaoisubiri. Unalipa mara mbili, unanyamaza. Kinyozi aliyekuwa jirani yangu tangu enzi za matope alishindwa kodi ya fremu mwaka mmoja baada ya lami. Sasa yuko mtaa wa ndani usio na taa. Waliokaa barazani kwao, kama fundi cherehani, ndio waliofaidi, maana hawana wa kumlipa.

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha habari ya zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Tangu 2023 zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, kwa hiyo mtu wa barazani anaweza kuiona bila kujuana na mtu yeyote wa manunuzi. Yeye na mafundi wenzake, safari hii wote mafundi kweli, walijisajili kama kikundi, mimi nikiwabofyea. Wakapata kazi ya kushona mashuka na mapazia ya taasisi moja ya umma, ambayo nitaiacha bila jina.

Hapo kikundi kilifanya kazi vizuri. Mmoja anakata, wawili wanashona, mmoja anapiga pasi, mwingine anakimbizana na vitambaa. Kazi kubwa kuliko mtu mmoja inaunda kikundi yenyewe, watu hawajuani kwa ajili ya fomu. Na mteja aliyeleta oda alikuza biashara kuliko mkopo ungeweza, kwa sababu mkopo unakupa mashine ya pili kabla hujajua kama kuna nguo za kuijaza, oda inakuja na nguo zake.

Ila malipo. Mashuka yalipokelewa, hati ikasainiwa, na pesa ikakaa huko iliko. Mwisho wa mwaka wa fedha ukapita, wakaambiwa wasubiri fungu la mwaka mpya. Vitambaa walikuwa wamekopa dukani. Mmoja wao akaenda kwa yule mwenye pikipiki na kijitabu. Pesa ilikuja, nakiri, yote na kamili, lakini ilipokuja faida ilikuwa imeshakwenda kwa kausha damu. Waziri yeyote akiniuliza afanye nini kwa ajili ya biashara ndogo, na hataki kutumia hata shilingi mpya, nitamwambia awalipe kwa wakati wale wanaomdai pesa ya mashuka.

Lingine ningemwomba ni kuruhusu mtu mmoja akope kwenye zile asilimia 10, kama anavyoruhusiwa mwenye ulemavu. Ushahidi upo. Ana kitambulisho cha kidijitali, ana TIN, namba ya mlipakodi, ambayo ni bure, ana lipa namba inayoonyesha wateja wa kila siku, na akiwa na kaunta buku anaweza kuonyesha mwaka mzima. Wadhamini ni wenzake wa mchezo. Afisa aje asimame dakika tano kuangalia wateja.

Nilimweleza mama wa chapati mpango huo siku alipokuja kutoa kopi za mwanawe. Yeye sasa anauza chapati 40 kwa siku, Jumapili anapumzika. Nikamfanyia hesabu: siku 313, shilingi 20,000 kila siku, ni milioni 6 na 260,000. Akitunza daftari, kodi yake ni 67,800 kwa mwaka, kama 217 kwa siku, haifiki nusu ya chapati. Na kwa daftari hilohilo angeweza siku moja kudai mkopo kwa jina lake mwenyewe.

"Hiyo ni mwaka huu," akasema. "Wakishajua napata elfu ishirini, mwakani watasema elfu hamsini. Nitabishana nao kwa kutumia nini?"

Nikamwambia kwa kutumia daftari. Akacheka. Amekaa kwenye biashara miaka mingi kuliko mimi, na anajua makadirio mengi hufanywa na mtu aliyesimama mbele ya meza akiangalia urefu wa foleni. Mkopo unamtaka athibitishe kwamba amekua. Mstari wa milioni 4 unamtaka athibitishe kwamba hajakua. Yeye ameamua kumjibu huyo wa pili, kwa sababu ndiye anayeweza kumfungia. Mstari ungesogezwa hadi mahali ambapo chapati 40 ni biashara ndogo, kama zilivyo, na makadirio yakafungwa kwa maandishi yake mwenyewe kwa miaka miwili au mitatu, nadhani angenunua kaunta buku siku hiyohiyo. Kwa sasa amechukua kopi zake za mwanawe, akalipa, akaenda kukanda unga wa kesho.